Sufuria Haitoi Chumvi

Juzi nimeambiwa tena, na mtu mzima mwenye elimu yake: "Ukame umepunguza maji tu. Tukiyachemsha hayana neno." Kauli hiyo nimeisikia hadi masikio yamechoka, basi leo naandika.

Kuchemsha kunaua vijidudu, sibishi. Lakini jua linapochukua maji bwawani huchukua maji matupu. Chumvi, naitreti (ya mbolea na vinyesi) na floraidi (madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi) hubaki humo humo, ndani ya maji yanayozidi kupungua. Sufuria yako inafanya kazi ileile ya jua, ila kwa haraka zaidi. Chukua lita 10 zenye floraidi miligramu 1.4 kwa lita, chini kidogo ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani ambacho ni 1.5. Zitokote mpaka zibaki lita 8. Floraidi sasa ni 1.75. Kikomo umekivuka jikoni mwako, kwa moto wako mwenyewe.

"Mbona birika langu lina ukoko mweupe? Si chumvi hiyo imetoka?" Swali hili linaniudhi kwa sababu nusu yake ni kweli. Ukoko ule hasa ni kalisi kaboneti: joto hufukuza kaboni dioksaidi, kalisi inaganda, na maji magumu yanalainika kidogo. Naitreti haigandi hivyo, wala chumvi ya kawaida. Kwa hiyo mtu anakwangua birika, anafurahi, na kilichomhusu kimebaki kikombeni.

Halafu kuna mwani. Maji yaliyotulia, yenye joto na fosforasi ya mbolea au ya maji taka, ni karamu ya sianobakteria, bakteria tunaowaita mwani kwa rangi yao ya kijani. Sumu yao, mikrosistini, haivunjwi kwa kuchemsha. Moto hupasua seli na kuimwaga iliyokuwa ndani. Agosti 2014 wakazi wa Toledo, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, waliambiwa wasinywe maji ya bomba na wasiyachemshe, na pale wala haukuwa ukame, ni mbolea iliyoishia Ziwa Erie. Nami nikiri: kwa macho siwezi kujua mwani upi una sumu. Bwawa la kijani la kutisha limewahi kunitokea salama, na lingine lisilo na sura ya kutisha likanitoa jasho. Upepo nao ukigeuka unausukuma utando upande wa pili, sampuli ya asubuhi na ya jioni zikawa kama za mabwawa mawili. Kwenye ripoti naandika namba moja, nzuri, yenye desimali.

Mito niipitie haraka. Mto ukipungua, maji taka hayapungui, hivyo kinachopita ni mto kidogo na mtambo wa maji taka mwingi. Tena maji ya nyuzi 20 hushika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30, kama 7.5. Samaki hupata taarifa kabla yetu.

Sasa dawa zetu. Mgawo wa kufunga na kufungua bomba: bomba likikosa presha hunyonya uchafu wa nje kupitia nyufa zake. Kuziba mivujo na kupunguza matumizi ni bora kuliko kulikausha. Visima virefu karibu na bahari: kanuni ya vitabuni inasema usawa wa maji yasiyo na chumvi ukishuka mita 1, mpaka wa maji ya chumvi chini hupanda kama mita 40. Ardhi yenye nyufa na matabaka ya udongo wa mfinyanzi haijasoma kitabu hicho, lakini mwelekeo ni uleule. Pampu taratibu, kipumzishe kisima, pima kila wiki kina cha maji na jinsi yanavyopitisha umeme (chumvi ikizidi, umeme hupita zaidi), na uandike. Mita ya kupimia umeme huo inatoa jumla ya chumvi tu, haizitaji kwa majina. Maabara bado inahitajika.

Mvua ikirudi, watu hukimbilia ndoo. Mvua ya kwanza inaosha vumbi na kinyesi cha ndege paani, na mavi ya mifugo ya miezi yote yanateremka mtoni kwa siku moja. Iache ipite. Kama huna maji mengine, haya sasa ndiyo ya kuchemsha.