Maikrofoni Iliyomsogeza Mwimbaji Sikioni

Kazi yangu ni kuhamisha muziki kutoka kwenye santuri kuukuu na kuuingiza kwenye kompyuta, na nyimbo zinazopita mikononi mwangu kwa wingi ni zile za mapenzi za polepole zilizoimbwa Marekani kati ya miaka ya 1930 na 1960 na wanaume waliobembeleza badala ya kupaza sauti. Wapenzi wa zilipendwa huniambia kwamba siri ya nyimbo hizi ni sauti nyororo za watu waliojaliwa. Sipingi kwamba walijaliwa, lakini nikisikiliza kwa sikio la fundi nasikia kitu kilichotangulia vipaji vyao, nacho ni maikrofoni.

Kabla ya mwaka 1925, santuri zilirekodiwa bila umeme. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa ya bati, akaimba kwa nguvu zote za kifua, na nguvu hiyo peke yake ndiyo iliyoisukuma sindano ichore mifereji kwenye nta. Aliyeimba kwa upole hakusikika, kwa hiyo hata maneno ya kumbembeleza mpenzi yalitolewa kana kwamba mpenzi mwenyewe yuko ng'ambo ya mto. Mwaka huo kampuni za Victor na Columbia zilianza kurekodi kwa umeme, na mnong'ono ukaweza kuingia kwenye santuri ukiwa bado mnong'ono.

Maikrofoni zilizopendwa sana studioni na redioni katika miaka ya 1930 zilikuwa na utepe mwembamba mno wa aluminiamu ulioning'inizwa katikati ya sumaku. Zilikuwa na tabia moja ambayo hadi leo hufurahia kuwaonyesha vijana wanaojifunza kazi hii: ukisogea karibu nazo, kiasi cha shibiri moja, sauti nzito huongezeka, na kifua chako husikika kipana kuliko kilivyo. Lakini ukaribu huo una gharama yake. Weka kiganja mbele ya midomo yako useme neno "pendo", na utahisi pumzi ikigonga ngozi. Pumzi hiyohiyo iliupiga utepe kwa kishindo, hivyo mwimbaji alilazimika kujifunza kugeuza uso kidogo kila herufi ya p au b ilipokaribia, kisha arudi mahali pake bila msikilizaji kugundua.

Bing Crosby, aliyezaliwa Tacoma mwaka 1903, alilielewa jambo hili mapema kuliko wengi. Aliimba kama anayezungumza na mtu mmoja tu aliyeketi naye. Januari 1932, Kardinali William O'Connell wa Boston aliwashutumu hadharani waimbaji wa mtindo huu, na mimi nadhani masikio yake yalisikia sawasawa: sauti ya mwanamume mgeni ilikuwa imeingia sebuleni kupitia redio, ikizungumza kwa namna ambayo hapo awali ilikuwa ya wapendanao peke yao.

Anayenishika zaidi, hata hivyo, ni Frank Sinatra, ambaye kati ya 1940 na 1942 aliimba katika bendi ya Tommy Dorsey. Dorsey alipiga tromboni, ala ya kupulizwa, na Sinatra alikaa nyuma yake jukwaani akiutazama mgongo wake ili aone anavuta pumzi wapi, mpaka akagundua kwamba huvuta hewa kidogo kidogo kwa pembe ya mdomo. Akaanza kuogelea chini ya maji ili kupanua mapafu yake. Matokeo yake yanasikika waziwazi: pale ambapo mwimbaji mwingine angepumua, yeye anapita, analiunganisha neno la mwisho la mstari mmoja na la kwanza la mstari unaofuata, na pumzi anaivuta mbele, mahali ambapo mtu anayezungumza angetua. Sentensi inabaki nzima, na kwa hiyo huzuni iliyomo inaaminika.

Santuri za zamani, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba takriban dakika tatu tu kwa upande mmoja, na dakika tatu hazitoshi kuukesha usiku. Mwaka 1948 Columbia ilileta santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi, na mwaka 1955 Sinatra, akiwa sasa na kampuni ya Capitol, akatoa In the Wee Small Hours, nyimbo 16 za polepole za mtu aliyekosa usingizi kwa ajili ya mapenzi. Nelson Riddle, aliyezipangia ala, aliziacha ala hizo zikae mbali na mwimbaji, ili asionekane kuwa na mtu yeyote chumbani.

Riddle huyohuyo ndiye aliyempangia Nat King Cole wimbo wa Unforgettable mwaka 1951. Cole alianza kama mpiga piano, na sauti yake ina ukavu kidogo unaofanya kila neno lisimame peke yake. Siwezi kumsikiliza bila uchungu. Aprili 1956 alishambuliwa na wazungu jukwaani huko Birmingham, Alabama, na kipindi chake cha televisheni kilichoanza mwaka huo kilikoma Desemba 1957 kwa kukosa mdhamini wa kitaifa, kwa kuwa kampuni kubwa ziliogopa kuhusishwa na mtu mweusi.

Mtindo huu ulifika hadi kwenye muziki wa kantri. Mwaka 1957, huko Nashville, Jim Reeves alirekodi Four Walls akiwa amesogea karibu kabisa na maikrofoni na kuishusha sauti yake, na sauti hiyo ya chini ndiyo iliyopendwa Kenya, ambako nyimbo zake zimeendelea kupigwa redioni miaka mingi baada ya kifo chake katika ajali ya ndege mwaka 1964. Santuri zake huniletea kazi ngumu kuliko nyingine. Programu ya kusafisha mikwaruzo huidhania pumzi yake kuwa kelele na kutaka kuifuta, kwa hiyo mimi huizima programu hiyo, nikaondoa mikwaruzo mmoja mmoja kwa mkono, na pumzi ile ikabaki mahali alipoivutia.