Kusinzia kichwa: mbunge anahusikaje na ugonjwa wa watoto wa Mahenge?

Huu ugonjwa ni upi hasa?

Ni aina ya kifafa inayoanza utotoni, kati ya miaka 3 na 18. Mtoto amekaa na wenzake, ugali umeshaandaliwa. Anatia tonge la kwanza mdomoni, mara kichwa kinaanguka mbele, kinainuka, kinaanguka tena, mara 5 hadi 20 kwa dakika. Ukimwita hakuitikii. Mate yanamtoka, tonge limedondoka. Baridi nayo huweza kuamsha hali hiyo. Asiyejua atasema mtoto ana usingizi.

Miaka inavyokwenda, wengi huanza kuanguka kifafa cha mwili mzima. Hudumaa, na darasani hurudi nyuma hadi wanaacha shule. Baadhi hufa kwa kuangukia moto wa jikoni au maji ya mto.

Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, aliwaona watoto wa namna hii huko Mahenge, wilayani Ulanga, Morogoro, miaka ya 1960. Baadaye ugonjwa ukaonekana Sudan Kusini, kisha kaskazini mwa Uganda, hasa Kitgum, Pader na Lamwo.

Unaambukiza?

Hapana. Mate ya mgonjwa hayaambukizi, wala kumgusa. Nalisema wazi kwa sababu hofu hiyo imewaunguza watu: aliyeanguka motoni anatazamwa tu, kila mmoja akiogopa kumshika. Mvute haraka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni.

Unasababishwa na nini?

Hapa ndipo penye kazi. Kila mahali ulipoota mizizi, pana pia usubi, yaani ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Usubi tumezoea kuuhusisha na upofu na ngozi inayowasha. Lakini vijiji vyenye usubi mwingi ndivyo pia vyenye kifafa kingi, na hilo si la Mahenge peke yake.

Minyoo yenyewe haijapatikana ndani ya ubongo wa wagonjwa. Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba huenda kingamwili ambazo mwili unatengeneza kupambana na mnyoo huo ndizo zinazogeuka na kushambulia chembe za ubongo. Mwaka 2018 wengine walichunguza ubongo wa vijana wa Uganda waliofariki, wakakuta mrundikano wa protini iitwayo tau, ambayo huonekana pia kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Kipi kinatangulia kipi? Bado wanabishana.

Kama dawa ya usubi ipo, utafiti wa nini tena?

Dawa ipo, ni ivamektini, na kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure tangu 1987. Mgawa dawa wa kijiji hana haja ya mizani. Anasimamisha mtu kwenye kijiti chenye alama: sentimita 90 hadi 119 kidonge kimoja, na mtu mzima wa kuanzia 159 vidonge vinne. Asiyefika 90 hapewi, na mjamzito naye hapewi.

Kaskazini mwa Uganda, dawa ilipoanza kutolewa mara mbili kwa mwaka na mazalia ya inzi kunyunyiziwa dawa mitoni, kuanzia 2012, wagonjwa wapya walikoma kuonekana. Maridi, Sudan Kusini, wanakijiji wenyewe hufyeka majani kwenye bwawa ambako inzi hutagia. Kwa hiyo kinga inawezekana.

Ila kinga haimtibu aliyekwisha kuugua. Huyo anategemea dawa za kawaida za kifafa, kama valproeti, zinazopunguza mishtuko lakini haziondoi ugonjwa. Tena valproeti huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na wasichana waliougua wakiwa wadogo sasa ni wanawake wa kuzaa. Nani anawafuatilia? Na kwa nini Mahenge, ambako ivamektini imegawiwa miaka mingi, usubi haukuisha? Majibu hayatatoka Geneva, makao ya Shirika la Afya Duniani. Yatatoka kwa mtu anayepanda mlima na daftari, kaya kwa kaya, mwaka hadi mwaka.

Mtoto wangu anasinzia hivyo. Nifanye nini?

Mpeleke kituo cha afya na ueleze ulichokiona: kilianza lini, wakati wa kula au wa baridi, kwa dakika ngapi. Ukiweza kumrekodi kwa simu, mrekodi. Akianzishiwa dawa, usiikatishe mwenyewe hata kama ameonekana kupona. Mzungushie jiko kizuizi, na asiende mtoni peke yake.

Sasa mbunge anaingiaje?

Kwa sababu utafiti ni fedha, na fedha za serikali hupita Bungeni. Utafiti mwingi wa ugonjwa huu umeendeshwa kwa fedha za wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, programu za magonjwa yasiyopewa kipaumbele zilikuwa miongoni mwa zilizotikiswa. Mfadhili ana haki ya kuondoka. Mgonjwa wa Ulanga hana pa kuondokea.

Uganda walilionyesha hili. Beatrice Anywar, wakati huo mbunge mwanamke wa Kitgum, alilipigia kelele suala la watoto hao hadi likawa la nchi nzima, na mwaka 2012 serikali ikafungua vituo vya matibabu huko kaskazini.

Kwetu Tanzania, Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni. Fedha za Wizara ya Afya ziko Fungu 52, yaani namba yake kwenye vitabu vya bajeti. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge yeyote anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri hadi apate maelezo. Zimeshikwa shilingi kwa mambo madogo kuliko haya.

Mbunge wangu hatoki Morogoro. Nimwambie nini?

Bajeti anayoipigia kura ni ya nchi nzima. Andika kwa ufupi, kwa mfano:

"Mheshimiwa, mimi ni mpiga kura wako wa kata hii. Naomba uiulize Wizara ya Afya: ni kiasi gani kimetengwa mwaka huu kwa utafiti wa kifafa kinachohusiana na usubi, na kati ya kilichotengwa mwaka jana, ni kiasi gani kilitolewa kweli?"

Sehemu ya pili ya swali ndiyo yenye meno. Kutenga na kutoa ni vitu viwili, na anayefanya kazi kwenye taasisi ya utafiti atakuambia tofauti yake bila kuulizwa. Peleka barua ofisi ya mbunge jimboni, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Na waziri akijibu "kadri fedha zitakavyopatikana"?

Atajibu hivyo, jiandae. Mwombe mbunge awe na swali la nyongeza mkononi: zitapatikana robo ipi ya mwaka, na ziko kifungu kipi? Jibu lolote atakalotoa linaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na Hansard inasomeka na kila mwananchi. Mwaka unaofuata, barua yako ianze na maneno yale yale ya waziri, na tarehe aliyoyasema.