Shawa ya umeme haipashi maji? Anza na maji, koili iache mwisho

Malalamiko tunayopokea kuhusu shawa za umeme hufanana sana. Maji yanatoka, taa nyekundu ya swichi inawaka, lakini maji ni ya baridi au yana uvuguvugu tu. Mwenye nyumba ameshakata shauri kwamba koili imeungua, na pengine nyingine ameshainunua. Fundi akifika na mita yake anakuta koili ni nzima. Kabla ya kufungua mfuko, fuatilia kwanza maji yanafikaje kwenye shawa, kisha umeme unafikaje.

Tunazungumzia hapa zile shawa zinazopasha maji papo hapo, ambazo kichwa chake ndicho chenye koili. Ndani yake hamna mambo mengi. Kuna koili ya waya wa nikeli na kromiamu, kuna mpira mwembamba, na kuna vigusio vya shaba. Ukifungua koki, maji huingia na kuusukuma ule mpira, mpira nao huvisukuma vigusio hadi vikutane, na umeme unaanza kupita kwenye koili. Ukifunga, mpira unarudi mahali pake na umeme unakatika. Kwa maana hiyo anayeiwasha shawa ni presha ya maji. Swichi ya ukutani inaruhusu tu umeme ufike.

Kwa hiyo jaribio la kwanza halihitaji bisibisi. Fungua maji na usikilize. Vigusio vikikutana utasikia mlio mdogo mkavu, na taa za nyumba huenda zikafifia kidogo kwa nukta moja, kwa sababu shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 24 kwa mpigo. Usiposikia chochote na taa zisipotikisika, inaelekea koili haipati umeme kabisa, na mara nyingi sababu ni presha ndogo. Ukiusikia mlio lakini maji hayashiki moto, tatizo ni jingine, nalo lina sababu tatu nne.

Ya kwanza si ubovu hata kidogo. Maji yanapashwa yakiwa njiani, hayakai mahali yakasubiri kupata moto, hivyo yakipita mengi kila tone hupata joto dogo. Shawa hiyo ya wati 5,500 ikipitisha lita 3 kwa dakika huyaongezea maji nyuzi 26 hivi za Selsiasi. Fungua koki hadi zipite lita 5, na ongezeko linashuka hadi nyuzi 16. Maji yaliyoingia na nyuzi 20 yatatoka na 46 katika hali ya kwanza na 36 katika hali ya pili, na nyuzi 36 ziko chini ya joto la mwili, kwa hiyo ngozi haizihesabu kuwa moto. Majira ya baridi yakifika, maji ya bomba nayo hushuka joto, na hapo ndipo simu za “shawa yangu imekufa” huongezeka. Punguza koki taratibu. Ukipunguza kupita kiasi mpira utashuka na umeme utakatika, kwa hiyo tafuta ule usawa wa kati.

Presha ndogo ina visa vyake. Kwa nyumba inayotegemea tangi la juu, kila mita moja ya kimo hutoa takriban kilopaskali 10, na kimo hicho hupimwa kutoka usawa wa maji ndani ya tangi hadi kichwa cha shawa. Tangi likibaki nusu, presha nayo imepungua. Shawa inayopasha vizuri asubuhi na kugoma jioni, wakati tangi limekaribia kuisha, haina ubovu wowote. Angalia pia kile kipande kidogo cha plastiki chenye tundu jembamba ambacho baadhi ya watengenezaji hukiweka ndani ya boksi. Kazi yake ni kupunguza presha kwenye majengo yenye maji ya nguvu. Mafundi wengine hukifunga kila mahali kwa mazoea, hata kwenye nyumba ambayo maji yanatiririka kwa shida, kisha shawa mpya inalaumiwa.

Chujio la mlangoni mwa shawa hukusanya mchanga na kutu, hasa baada ya maji kukatika na kurudi. Sahani ya matundu nayo huziba kwa chokaa, ile michirizi myeupe migumu inayoachwa na maji yenye chumvichumvi. Ifungue, iloweke kwenye siki kwa saa kadhaa, kisha isugue kwa mswaki wa zamani. Sindano usitumie, maana inapanua matundu na maji yanaanza kurukia ukutani. Kabla ya kufungua chochote zima sakiti breka kwenye boksi la umeme, usitosheke na swichi ya bafuni. Kuna swichi zinazokata waya mmoja tu, na zikiwa zimeungwa vibaya waya wenye moto unabaki hai hata taa ikiwa imezimika.

Maji yakiwa sawa, tugeukie umeme. Nguvu ya koili inashuka haraka kuliko volti zenyewe, kwa sababu hufuata mraba wa volti. Shawa iliyotengenezwa kwa volti 240 na wati 5,500, ikipata volti 200, hubaki na wati 3,800 tu, yaani karibu theluthi moja ya joto imepotea bila kitu chochote kuharibika. Ikiwa maji yanapoa saa ambazo mtaa mzima unatumia umeme na taa zimefifia, toa taarifa kwa shirika linalokuuzia umeme. Kubadili koili hakutasaidia kitu. Ikiwa nyumba ya jirani volti ziko sawa na kwako zinashuka kila shawa inapowashwa, shaka iende kwenye waya wako. Waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za kawaida, haufai kabisa kwa mzigo huu. Shawa ya ukubwa huu kwa kawaida huhitaji waya wa 4 au 6, na umbali ukiwa mrefu au shawa ikiwa kubwa zaidi, 10. Maelezo yaliyomo ndani ya boksi la shawa husema ni upi.

Na kuna viungo. Skrubu iliyolegea ndani ya swichi au kwenye kiunganishi cha plastiki juu ya shawa hupata moto, plastiki inageuka kahawia, na bafu linaanza kunuka kama samaki wakati hakuna samaki. Gusa kwa nje bamba la swichi baada ya kuoga, mikono ikiwa mikavu. Likiwa la moto, zima breka na umwite fundi siku hiyohiyo. Ombi langu kwa mafundi ni kwamba kiunganishi cha kauri kitumike hapo.

Koili sasa. Dalili yake nzuri ni kitufe cha kuchagua joto. Koili nyingi zina sehemu mbili, kwa hiyo ikiwa vuguvugu linafanya kazi na moto haufanyi, au kinyume chake, sehemu moja imekatika. Fundi ataipima umeme ukiwa umezimwa. Koili ya wati 5,500 kwa volti 240 husoma karibu omu 10, na iliyokatika mita haisomi kitu. Mpya iwe ya volti na wati zilizoandikwa kwenye lebo ya shawa, isiwe kubwa zaidi eti ili maji yachemke. Ikishafungwa, pitisha maji shawa ikiwa kwenye baridi mpaka hewa yote itoke, ndipo urudishe kwenye moto. Koili nyingi mpya huungua dakika ya kwanza kwa kuwashwa zikiwa kavu.

Jambo moja halisubiri uchunguzi huu wote. Ukihisi mtekenyo wa umeme kwenye maji au kwenye koki, hata kidogo, toka, zima breka, na mtu yeyote asioge hapo. Katika shawa nyingi koili iko wazi ndani ya maji, na kinachokulinda ni waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, pamoja na kifaa kinachokata umeme uvujao ufikapo miliampea 30. Kifaa hicho kikikatakata, wapo wanaokiondoa au wanaotenganisha waya wa ardhi ili waoge kwa amani. Usikubali. Mweleze fundi kinakatika wakati gani: kikikatika pale tu maji yanapoanza kupashwa, aanze na koili na viungo vyake, kikikatika hata koki ikiwa imefungwa, aanze na waya wa ukutani.