Umeme wa jiko la gari-nyumba: dhana na ukweli

Gari-nyumba nyingi za Marekani, zile wenyewe wanazoziita RV, huchukua umeme wa kambini kwa plagi ya ampea 30, volti 120. Zidisha: wati 3,600. Hizo ni za gari zima, pamoja na kiyoyozi na hita ya maji, siyo za jiko tu.

Dhana: chombo kidogo hula umeme mdogo

Udogo unaokoa nafasi kabatini, lakini breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, haiangalii ukubwa. Birika la lita 1.7 huvuta wati 1,500, sawa na ea fraya inayojaza nusu ya meza. Kinachopasha moto ndicho kinachokula. Geuza chombo usome kibandiko cha chini. Maikrowevu ndiyo inayowadanganya wengi. Zile wati 1,000 zilizoandikwa kwa maringo mlangoni ni zinazofika kwenye chakula, ilhali kutoka kwenye soketi inavuta karibu 1,500. Sasa jumlisha: kiyoyozi 1,500, birika 1,500, maikrowevu 1,500. Umeme umeshakatika.

Hata kiyoyozi kikizimwa, soketi za jikoni mara nyingi huchangia breka moja ya ampea 15 au 20. Birika na tosta kwa pamoja hupita wati 2,300, na kuihamishia tosta soketi ya jirani hakubadilishi kitu. Breka ikikata, kishikio chake husimama katikati, na ukikisukuma kuwasha moja kwa moja hakishiki. Chomoa vyombo kwanza, kipeleke mpaka mwisho upande wa kuzima, ndipo uwashe. Ikikata tena na hakuna kilichochomekwa, mwite fundi: hapo tatizo si chombo.

Dhana: ukiwa na inveta ya wati 2,000 unapika chochote kwa betri

Inveta haihifadhi umeme, inaubadilisha tu ule wa betri uwe kama wa soketi. Birika lile lile kwenye betri ya volti 12 linadai ampea 125, na ukiongeza kinachopotea njiani zinakaribia 140. Kuchemsha lita moja ni dakika tano, kama ampea-saa 12 hivi (ampea-saa moja ni ampea moja kwa saa nzima), kwa hiyo akiba ipo. Shida ni kasi ya kuitoa. Betri moja ya asidi ya ampea-saa 100 ikibanwa hivyo volti zake hushuka, na inveta hulia kisha ikajizima hali betri imejaa. Betri nyingi za lithiamu za ukubwa huo nazo zina kinga inayokata ampea zikipita 100. Kwa betri moja, nunua birika la wati 600: utasubiri kama dakika 12 au 13, lakini litavuta ampea 55 tu.

Presha kuka ya umeme ya wati 700 ni nafuu kuliko kibandiko chake kinavyotisha. Ikishajaa mvuke, hita yake huwaka na kuzimika, basi maharage ya nusu saa hayali nusu saa nzima ya wati 700. Majiko mengi ya induksheni (yanayopasha sufuria kwa sumaku) ya bei rahisi ni kinyume chake: ukiyaweka kwenye moto mdogo huwaka kwa nguvu kubwa, yanapumzika, yanawaka tena. Inveta inabeba ile nguvu kubwa kila mara.

Dhana: jiko la gesi linaweza kupasha gari joto usiku

Lisitumike hivyo kamwe. Moto ndani ya chumba kile hula oksijeni na unaweza kutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu. Hata unapopika, fungua dirisha na uwashe feni ya paa.

Dhana: wali ukitoka na kiini, mashine ya kupikia wali ni mbovu

Angalia kwanza uko wapi. Denver, mji wa Marekani, iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Yanakauka kabla punje haijaiva, mashine inajizima. Ongeza maji kidogo na uuache ufunikwe dakika kumi baada ya kuzimika. Kwa presha kuka, ongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 ukishapita mita 600: maharage ya dakika 30, kwa Denver, yape 35.