Juisi ya Kranberi Haitibu UTI: Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Matunda ya Beri

Beri ni matunda gani hasa?

Hapa nazungumzia matunda madogo laini yanayoliwa na ganda lake: stroberi, rasiberi, bluberi, kranberi, forosadi. Wataalamu wa mimea wana hesabu zao, na kwao stroberi si beri ila ndizi ni beri. Tuwaachie.

Yana nini hata yasifiwe hivyo?

Kwanza rangi. Ule wekundu, uzambarau na ubuluu hutokana na kemikali za mmea ziitwazo anthosiyanini. Pili tanini, zile zinazokausha mdomo ukitafuna tunda bichi. Halafu vitamini C: gramu 100 za stroberi zina karibu miligramu 60, na mwanamke mtu mzima anahitaji kama 75 kwa siku. Rasiberi kiasi hichohicho zina zaidi ya gramu 6 za nyuzinyuzi. Mimi huzisifu nyuzinyuzi kwanza, ingawa sijaona tangazo linalozitaja.

Yanasafisha damu?

Hapana. Damu inasafishwa na figo na ini. Anthosiyanini huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana zikiwa nzima. Nyingi hubadilishwa kwanza na bakteria wa utumbo. Wanaokula beri kwa miaka mingi wameonekana kuwa na moyo na mishipa yenye afya nzuri. Nimesema miaka, sikusema glasi mbili.

Juisi ya kranberi inatibu UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo?

Haitibu.

Najua habari hii ilikoanzia, na ina chembe ya ukweli. Kranberi zina aina ya tanini inayowazuia bakteria, hasa E. koli, wasishikamane na ukuta wa njia ya mkojo. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 50, yalikuta bidhaa za kranberi zikipunguza UTI kwa wanawake wanaorudiwa nayo mara kwa mara na kwa watoto. Kwa wajawazito, na kwa wazee wanaoishi kwenye makao ya kutunzwa, faida hiyo haikuonekana. Soma tena: zinapunguza *kuupata* ugonjwa. Bakteria akishashika na kuzaana, tanini haimuui.

Ninachokiona mimi kazini ni hiki. Mtu anaanza kuchomwa akikojoa Jumatatu. Anashauriwa juisi, anakunywa. Jumanne anaongeza. Alhamisi analetwa anatetemeka, mwili unawaka moto, ameshika ubavu na anatapika. Maambukizi yamepanda kwenye figo. Kwenye mkoba, chupa ya juisi bado ina nusu.

Lakini dada, mimi nikinywa huwa napona!

Inawezekana. UTI nyepesi ya kibofu wakati mwingine huisha yenyewe kwa mwanamke mwenye afya, sifa zikaenda kwa juisi. Shida ni kwamba siku ya kwanza huwezi kujua ipi itaisha na ipi itapanda. Tena kuchomwa si lazima iwe UTI. Magonjwa ya zinaa huchoma vilevile, na hayo hayajali umekunywa nini. Kapime mkojo.

Basi nisubiri siku ngapi ndipo niende?

Usisubiri. Ukiwa na homa, baridi ya kutetemesha, maumivu ya ubavuni au mgongoni, kutapika au damu kwenye mkojo, nenda leo, hata kama ni usiku. Mjamzito, mwanaume, mtoto na mwenye kisukari nao waende leo, hata bila dalili hizo. Wengine wote, pimeni *kabla* ya kuijaribu juisi, si baada ya kuona imeshindwa. Na vile vidonge vya antibayotiki vilivyobaki kwa jirani muachie jirani.

Nina mimba na naogopa dawa. Juisi si salama zaidi?

Hapana, hapana. Zipo antibayotiki zinazofaa kwa mjamzito, na anayekuhudumia anazijua. UTI iliyoachwa hupanda kwenye figo kwa urahisi zaidi wakati wa mimba, na inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Cha kuogopa ni kuchelewa.

Jamu na juisi za dukani zina faida zilezile?

Kidogo. Moto na kukaa sana hupunguza anthosiyanini na vitamini C, kukamua na kuchuja huondoa nyuzinyuzi, halafu inaongezwa sukari. Kula tunda. Lililogandishwa pia ni zuri.

Natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nile kranberi?

Usianze juisi wala vidonge vyake bila kuwaambia wanaokupima damu.

Nikienda kupima, mkojo nichukueje?

Afadhali uutoe kabla hujameza antibayotiki yoyote. Nawa mikono, jisafishe sehemu za siri kwa maji, uache mkojo wa mwanzo uende, kisha kinga wa katikati kwenye kikopo ulichopewa bila kugusa ndani yake. Ufike maabara ndani ya saa moja, la sivyo bakteria huzaana humo kikoponi na majibu yakapotosha. Kopo la jamu lililooshwa nyumbani halifai. Nimeshaletewa.