Intavo za mbio ndefu: niambie kwanza unapumzikaje

Kila mbio za Kampala za Novemba zinapokaribia, swali ninaloulizwa zaidi kuhusu intavo (vipande vya kasi vyenye mapumziko katikati) ni moja: "Kochi, nipige mita 400 mara ngapi?" Nami huuliza: kati ya kipande na kipande unafanya nini? Wengi husimama, wanakunywa maji, wanapiga soga mpaka pumzi irudi, kisha wanachomoka tena kwa nguvu zote. Hayo ni mazoezi mazuri ya mita 800. Kwa anayelenga kilomita 21 au 42, kazi kubwa iko kwenye yale mapumziko.

Ukikimbia kwa kasi, misuli huzalisha kemikali iitwayo lakteti. Watu huisema vibaya bure, kwani moyo na zile nyuzi za misuli zisizochoka upesi huichoma kama mafuta ya gari. Taabu huanza inapozalishwa haraka kuliko inavyotumika. Ukisimama baada ya kipande, mwili unaishughulikia kwa nafasi yake. Ukiendelea kukimbia, tena bila kujikokota, unaulazimisha kuichoma huku miguu iko kazini, na siku ya mbio hakuna atakayekuruhusu usimame.

Tuseme unataka kumaliza kilomita 21 kwa saa 1 na dakika 45. Hiyo ni karibu dakika 5 kwa kilomita. Anza na kilomita 2 mara nne kwa kasi hiyo hiyo, ukijogi dakika 3 katikati. Wiki zinavyosonga usiongeze kasi. Punguza jogi iwe dakika 2, kisha moja na nusu. Baadaye unganisha: kilomita moja kwa dakika 4 na sekunde 50, inayofuata kwa dakika 5 na nusu, bila kusimama, mpaka zitimie 8 au 10. Kile kipande cha "kupumzika" ndicho kitakachokutesa. Kama cha mwisho kimekuwa cha polepole kuliko cha kwanza, ulianza kwa pupa.

Kasi ya uwanjani peke yake haitoshi, na hapa Uganda tuna mfano. Joshua Cheptegei aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 Valencia mwaka 2020, dakika 26 na sekunde 11. Aliporudi mji huo huo Desemba 2023 kwa maratoni yake ya kwanza, alitumia saa 2:08:59. Stephen Kiprotich, ambaye hajawahi kuikaribia rekodi hiyo, alishinda dhahabu ya maratoni ya Olimpiki London 2012 kwa 2:08:01, akiwaacha Wakenya wawili kilomita za mwisho. Simdharau Cheptegei hata kidogo (Paris 2024 alichukua dhahabu ya mita 10,000). Maratoni ni kazi nyingine tu.

Kampala ni vilima, kwa hiyo acha kuhangaika na mita. Kwenye mteremko wa Naguru saa itakusifu bure, ukipanda Muyenga itakutukana. Tumia dakika: tano za nguvu, mbili za jogi, mara sita. Nenda alfajiri kabla boda boda hazijajaa barabarani. Na ukienda Kapchorwa, milimani mashariki mwa Uganda, kukimbia na vijana wa Sebei, usilazimishe nyakati za Kampala. Kule hewa ni nyepesi. Pima kwa pumzi. Ukiweza kusema maneno mawili matatu lakini si sentensi nzima, uko mahali pake.

Intavo mara moja kwa wiki inatosha kwa mtu mwenye kazi na familia, mara mbili kwa aliyezoea, na kati yake siku mbili za kukimbia taratibu kweli kweli. Wiki mbili za mwisho kabla ya mbio, kata idadi ya vipande nusu. Kasi usiiguse.