Tarehe 11 Agosti haikuwa siku ya kuzaliwa rap

Agosti hii nimeisikia mara tatu ndani ya wiki moja. Kwanza redioni, nikiwa kwenye daladala: mtangazaji anasema leo, 11 Agosti, ndiyo siku Kool Herc aliposhika maiki kule Bronx, New York, rap ikazaliwa. Siku ya pili ikaja kwenye kundi letu la WhatsApp, kundi la ma-DJ, watu wanaokula kwa kazi hii hii. Ya tatu ilikuwa bango la pati ya kuadhimisha tarehe hiyo. Maiki kubwa katikati, majina ya marapa yamejaa juu hadi chini, jina la DJ halipo. DJ aliyekodiwa ni mimi. Nikamwambia mwandaaji, akanijibu, "Kaka, hii ni siku ya rap bwana, we utapiga tu biti nyuma."

Nimepiga santuri miaka 22, na sasa naandika.

Usiku ule wa 11 Agosti 1973, kwenye ukumbi wa chini wa jengo namba 1520, Sedgwick Avenue, mwenye shughuli alikuwa msichana anaitwa Cindy Campbell. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na alitaka hela ya nguo mpya. Mipango ilikuwa yake, na mwaliko uliandikwa kwa mkono kwenye kadi: kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 10 alfajiri, wasichana senti 25, wavulana senti 50. Muziki akampa kaka yake, Clive, kijana wa miaka 18 aliyezaliwa Kingston, Jamaika, na kuhamia Bronx mwaka 1967. Huyo ndiye Kool Herc. Alikuja kama DJ. Maiki alikuwa nayo rafiki yake, Coke La Rock, naye alikuwa akiita majina ya marafiki waliopo na kuwachangamsha watu, kama anavyofanya MC wa harusi akiona meza fulani imepoa. Hakuna aliyechana beti 3 na kiitikio usiku ule.

Kwa hiyo ukisema "Herc alianza kurap", umekosea mtu na umekosea kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Herc alisimama nyuma ya mashine zake akiwatazama wachezaji, akaona kuna vijana wanakaa pembeni wimbo mzima, wanangoja breki. Breki inaanza pale mwimbaji anaponyamaza na tarumbeta zinapokaa kando, zikabaki ngoma na labda besi. Wimbo mzima dakika 4, breki sekunde 10. Vijana wanaruka katikati, wanacheza kama wamepandwa na kitu, halafu mwimbaji anarudi na wao wanarudi ukutani. Herc akaanza kwenda moja kwa moja kwenye breki, kisha akatafuta nakala mbili za santuri moja, ili breki ikiisha upande huu, aianzishe upande ule. Akaunganisha breki ya James Brown na ya Incredible Bongo Band na ya Babe Ruth, bendi ya Waingereza. Sekunde 10 zikawa dakika 5. Santuri alizokuwa akitumia alizibandua lebo kwa kuziloweka kwenye maji, wapinzani wasijue anapiga nini. Warithi wa wale wachezaji wa breki ndio tuliowaona wakishindana kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Hapa vitabu hupenda kunyoosha mambo, vikaiweka mbinu yote ndani ya usiku uleule ili tarehe moja ibebe kila kitu. Mimi hilo silikubali. Herc mwenyewe husimulia kama mtu aliyejifunza kwa kutazama wachezaji, pati baada ya pati, na ndivyo mkono wa DJ unavyojifunza. Halafu kuna jambo lingine ambalo mashabiki hawapendi kulisikia: Herc hakuwa akiunganisha kwa usahihi. Alikuwa anakadiria mstari kwenye santuri kwa jicho na kudondosha sindano. Biti ziligongana. Watu walivumilia kwa sababu spika zake zilikuwa zinatikisa kifua na santuri zake hazikupatikana kwingine. Nasema hivi nikiwa namheshimu sana. Aliona kitu ambacho kila mtu alikuwa anakisikia na hakuna aliyekuwa anakitazama.

Aliyekifanya kiwe ufundi ni DJ mwingine wa Bronx, Grandmaster Flash, jina lake halisi Joseph Saddler, mzaliwa wa Barbados, na hapa naomba univumilie, kwa sababu hakuna bango la Agosti linalosema habari hii. Flash alikuwa kijana wa kufungua redio na kuzichokonoa. Tatizo lake lilikuwa la hesabu: breki inapokwisha, utairudishaje santuri mpaka mwanzo wake bila kunyanyua sindano? Akachukua krayoni akachora alama kwenye santuri, kama mshale wa saa, akahesabu alama inapita mara ngapi.

Fanya naye hesabu. Santuri ya LP inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Chukua breki yenye mwendo wa mipigo 100 kwa dakika: kila mpigo ni sekunde 0.6, kwa hiyo kila mzunguko unabeba mipigo 3 kamili. Breki ya baa 4, kila baa mipigo 4, ina mipigo 16. Maana yake, ikiisha, unairudisha santuri nyuma mizunguko 5 na theluthi moja, na muda ulionao kufanya hivyo ni sekunde 9.6 tu, kwa sababu nakala ya pili inapiga na inaelekea ukingoni. Umefika alama, unashika, unaachia, unavuta fada ya miksa, ile swichi ya kuhamisha sauti kutoka pleya moja kwenda nyingine, unageukia upande wa pili, unaanza tena kurudisha. Sikio moja lina hedifoni, linasikiliza kile ambacho watu bado hawajasikia. Ukikosea nusu mzunguko, ukumbi mzima unajua.

Na kurudisha santuri nyuma mashine ikiwa inazunguka, kwenye mipira minene iliyokuwa juu ya pleya za wakati ule, ni kuichubua. Flash akakata felti duara, akainyunyizia wanga, akaipiga pasi ikakauka, akaiweka chini ya santuri. Sahani ya mashine ikaendelea kuzunguka chini, santuri ikateleza juu. Kile kitambaa ulichonacho kwenye pleya yako, chenye nembo ya kampuni, kimetoka hapo. Kila biti unayoisikia leo ikijirudia ndani ya kompyuta inafanya kazi ile ile ya mikono yake miwili.

Mwaka 1979 rap ilianza kutoka kwenye santuri, na haya nayapitia haraka. "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang siyo santuri ya kwanza ya rap. Fatback Band walitangulia mwaka huo huo. Ilirekodiwa New Jersey, siyo Bronx. Mistari ya Big Bank Hank, mmoja wa Sugarhill Gang, ilikuwa ya rapa wa Bronx, Grandmaster Caz, mpaka jina lake limebaki mle ndani limetajwa herufi kwa herufi. Lakini linaloniuma mimi ni jingine: muziki uliokuwa chini ya maneno, wa "Good Times" ya bendi ya Chic, ulipigwa upya na wanamuziki wa studio. Rap ilipotoka Bronx kwenda duniani, DJ alibaki nyumbani. Ilibidi kusubiri 1981, Flash aingie studio na pleya 3, atengeneze santuri ya dakika 7 kwa mikono, ndipo wanunuzi wakasikia kazi yenyewe ilivyo.

Tuzo za Grammy nazo zina habari yake. Kipengele cha rap kilianza mwaka 1989, na kila mtu analijua hilo. Ila mwaka 1984 "Rockit" ya Herbie Hancock ilishinda tuzo ya muziki wa ala wa R&B, na sauti inayoubeba wimbo ule ni skrachi, yaani santuri ikisuguliwa mbele na nyuma chini ya sindano, ya DJ GrandMixer D.ST. Mkono wa DJ uliingia Grammy miaka 5 kabla marapa hawajafunguliwa mlango. Sijawahi kuona mtu anaadhimisha hilo.

Kuna sehemu nina wasiwasi nayo, niseme tu. Nilipoanza kufundisha vijana u-DJ nilikuwa nasema kwa kujiamini kwamba rap imetoka kwa ma-DJ wa Jamaika waliokuwa wakizungumza juu ya muziki, kwa kuwa Herc ni Mjamaika. Siku hizi nasitasita. Huko Harlem, mtaa mwingine wa New York, DJ Hollywood alikuwa anatia vina kwenye kumbi za watu wazima, na hakuhitaji Kingston. Na kwenye disko za Manhattan walikuwepo watu waliounganisha santuri vizuri kuliko Herc. Jamaika naisikia zaidi kwenye ukubwa wa spika zake na kwenye wazo la kushindanisha mitambo. Kwenye maneno siisikii vile nilivyozoea kusema.

Kwa nini sisi huku tunakosea hivi, hilo naamini nalijua. Kwetu hip hop ilifika kwa kaseti. Tuliita "muziki wa kufokafoka", jina la kinachotoka mdomoni. Saleh Jabir, rapa wa Tanzania, alipotoa rap yake ya Kiswahili mwaka 1991, biti ya Vanilla Ice, rapa wa Marekani, ilikuwa tayari, kilichobadilika ni maneno. Hatukumwona mtu anayerudisha santuri, tulisikia sauti tu ikitoka kwenye redio kaseti. Pleya mbili, miksa na nakala mbili za santuri moja ilikuwa gharama ya kiwanja. Simlaumu aliyekulia hivyo. Namlaumu mtangazaji mwenye intaneti mfukoni.

Kwenye ile pati niliweka chaki ya rangi mfukoni. Saa 5 usiku, kabla rapa wa kwanza hajapanda, niliomba taa zielekezwe kwenye meza, nikawasogeza vijana karibu, nikachora alama kwenye santuri mbili. Nikapiga breki moja dakika 6 bila maiki. Binti mmoja wa mbele alikuwa anahesabu kwa vidole alama ikipita. Akanisogelea sikioni, "Mwalimu, umeenda tano na kidogo."

Nikampa hedifoni.